Picha za rangi za Mirihi: zimerekebishwa au zimepakwa?

Shangani Kwetu: Wadau, binti yangu wa darasa la sita kaona picha mbili za Mirihi, mahali palepale, mawe yaleyale. Moja ina rangi ya vumbi la barabara ya Nachingwea, nyingine mawe yamepigwa jua kama la hapa Mtwara saa sita. Nikamwambia wanarekebisha rangi. Kaniuliza, "Baba, kurekebisha na kudanganya vina tofauti gani?" Nimekwama. Ni haki chombo kipige picha kule, halafu mtu aliyekaa Marekani aamue rangi?

Mti Mkavu: Uongo mtupu. Ile Viking, chombo cha Marekani kilichotua Mirihi, ya mwaka 75, picha ya kwanza ya rangi anga ilitoka buluu. Muda si muda wakaigeuza ya waridi. Wanapanga rangi kama wapimaji wa korosho wanavyopanga daraja: kwanza wanatazama sura ya mkulima.

Mwalimu wa Mchinga: Mkuu, 75 ndipo iliporushwa. Ilitua Julai 1976. Kamera ile ilipima mwanga mafungu mafungu: mwekundu, wa kijani, wa buluu. Kuyaunganisha kunataka kipimo. Walifanya haraka, wakalinganisha rangi kwa mazoea ya huku duniani. Walipozipima vizuri kwa kibao cha rangi kilichofungwa kwenye chombo, rangi zake zikijulikana kabla hakijaondoka, anga ikawa ya waridi kwa sababu ya vumbi la hewani. Kwa hiyo iliyorekebishwa ndiyo ya kweli.

Ghala la Pili: Mti Mkavu, umesema tunatazama sura? Mimi mpimaji, mwaka wa kumi na moja huu. Thibitisha au futa.

Mti Mkavu: Sifuti. Msimu uliopita magunia yangu yaliitwa daraja la pili, eti korosho zimefubaa. Zilitazamwa saa mbili usiku chini ya taa ya njano! Chini ya taa ile hata meno yangu daraja la pili.

Ghala la Pili: Hatupimi kwa macho tu. Tunakata, tunapima unyevu. Ukianika kwenye udongo mtupu unategemea nini?

Mti Mkavu: Nani kaanika kwenye udongo? Umefika kwangu wewe?

Bi Mikindani: Wanangu, polepole. Hayo meno nimecheka mpaka chai imemwagika.

Mwalimu wa Mchinga: Jamani, hiyo taa ya njano ndiyo mada yenyewe! Mirihi nzima iko chini ya taa ya njano. Picha moja inaonyesha jiwe lilivyo kulekule. Nyingine imesawazishwa kana kwamba jiwe limeletwa huku juani, mtaalamu wa miamba alitambue. Zote halali.

Mti Mkavu: Na kibao chenyewe kikishika vumbi?

Mwalimu wa Mchinga: Kinashika. Ndiyo maana kile cha Curiosity, kigari cha Marekani kinachotembea Mirihi, kina sumaku za kuvutia vumbi pembeni, pabaki sehemu safi. Na 2004 kwenye Spirit, kigari kingine, kipande cha buluu cha kibao chake kilitoka waridi, watu wakapiga kelele kama wewe. Kumbe badala ya kichujio chekundu cha kamera walitumia cha infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni, na rangi ile ya buluu inang'aa sana kwenye infraredi.

Bi Mikindani: Halali, mwalimu, lakini waandike. Picha ya sayari ya Neptuni iliyopigwa na chombo Voyager 2, mwaka 1989, ilikolezwa buluu ili mawingu yaonekane. Walisema wenyewe. Picha ikazunguka, maelezo yakabaki njiani. Nimestaafu nikiwafundisha watoto buluu ile, mpaka 2024 watu wa Chuo Kikuu cha Oxford wakaonyesha kwamba Neptuni na Uranusi karibu zinafanana, buluu ya kijani iliyopauka. Watoto wangu wote hao nitawapata wapi?

Mti Mkavu: Shikamoo bibi! Umesema kweli. Hata mimi sikuandikiwa sababu. Nimepewa karatasi ina daraja tu.

Shangani Kwetu: Jamani, mtoto anasubiri jibu.

Ghala la Pili: Asubiri kidogo. Mti Mkavu, njoo kesho saa nne na korosho zako. Tunazimwaga nje, juani, karatasi nyeupe pembeni, kila mtu aone.

Mti Mkavu: Zilishauzwa mnadani kwa bei ya daraja la pili. Nilete magunia matupu?