Mrejesho: tani za makaa ya mawe zinazoongezeka njiani hadi Mtwara

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza kwa nini programu yetu inaonyesha tani zinazoshushwa yadi ya Mtwara ni nyingi kuliko zilizopakiwa mgodini Ngaka, na majibu ya maabara hayajulikani ni ya rundo lipi.

Aliyesema "angalieni unyevu" alilenga penyewe. Lori la tani 30 lenye unyevu wa asilimia 8 lina tani 27.6 za makaa makavu. Likinyeshewa njiani, turubai limefungwa kiubabaishaji, unyevu ukafika 12, mzani wa huku unasoma karibu 31.4. Hakuna aliyeongeza hata kokoto! Sasa tunajaza uzito mkavu pembeni ya ule wa mzani.

Sampuli za maabara ndizo zilizotuumiza kichwa. Siku hizi lori linapewa namba ya rundo getini, na mfuko wa sampuli unabandikwa namba hiyohiyo kabla kijiko hakijagusa mzigo. Dereva wa kijiko ananung'unika, shauri yake. Maabara ikikuta majivu (mabaki yasiyoungua) yamezidi kiwango cha mkataba, rundo linafungwa kwenye programu, haliendi gatini kupakiwa melini.

Limebaki moja: tani za mzani na zile zinazokokotolewa kwa kina cha meli majini bado zinapishana. Mwenye uzoefu anisaidie.