Riba ikae chini hadi lini?

Mtoa mada (Tabora mjini): Wakuu, heshima kwenu. Julai 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake elekezi, ile inayoongoza riba za mabenki, kutoka asilimia 6 hadi 5.75, na sasa nasikia wanaotaka ishuke zaidi na ikae hukohuko. Kushusha wakati wa dharura sina tatizo nako. Mei 2020, corona ilipobana, riba ambayo mabenki hutozwa yakikopa Benki Kuu ilitoka 7 hadi 5, na ilikuwa sawa. Ninachopinga ni kukaa huko.

Tazameni Marekani. Riba ilikaa karibu na sifuri tangu Desemba 2008 hadi Desemba 2015, ikarudi huko 2020 hadi Machi 2022, na benki kuu yao ikawa inanunua kwa vipindi hati fungani, yaani vyeti vya deni, hasa la serikali. Mali ilizoshika zilitoka chini ya dola trilioni 1 hadi karibu trilioni 9 mwaka 2022. Hela ile ilikimbilia hisa na nyumba, kwa hiyo aliyekuwa nazo tayari akazidi kutajirika. Mfumuko wa bei ulipopaa, ukafika asilimia 9.1 Juni 2022, riba ikapandishwa mbiombio kuanzia Machi mwaka huo, na Machi 2023 benki yao moja, Silicon Valley Bank, iliyojaza hati fungani za enzi ya riba ndogo (ambazo thamani hushuka riba ikipanda), ikaanguka.

Mchangiaji (Kasulu): Mkuu, umeruka vita vya Ukraine na meli zilizokwama bandarini, navyo vilipandisha bei. Na Japani je? Miaka zaidi ya ishirini riba karibu na sifuri, bei hazikupaa.

Mtoa mada: Hayo ya vita na meli nakubali. Ila Japani ngoja kidogo. Benki kuu yao imeishia kushika karibu nusu ya hati fungani za serikali. Julai 2024 walipandisha riba hadi 0.25 tu, na tarehe 5 Agosti soko la hisa la Tokyo likaporomoka zaidi ya asilimia 12 kwa siku moja. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini robo asilimia isingetikisa watu wasiozoea hela ya bure.

Mchangiaji (Kigoma, Mwanga): Sisi wa madukani tulilipia sherehe ya wenzetu. Marekani walipopandisha riba, dola zikavutwa kwao, huku kwetu zikaadimika 2023, bidhaa za nje zikapanda.

Mchangiaji (Urambo): Ndugu zangu, mnagombania riba ipi? Mwaka 2021 lilitangazwa fungu la shilingi trilioni 1, mabenki yakope kwa asilimia 3 na kutukopesha kwa isiyozidi 10. Mimi mkulima wa tumbaku nililisikia redioni tu. Benki nayoijua bado inadai zaidi ya 15, na hati ya nyumba juu.

Mtoa mada: Kaka wa Urambo, hapo umenisaidia: hela rahisi humfikia kwanza mwenye dhamana. Basi wanaotaka riba ibaki chini waseme, itapanda lini na kwa kipimo gani? Lengo letu la mfumuko ni asilimia 3 hadi 5. Mimi nasema ukikaribia 5 riba ipande, hata kama uchaguzi uko mlangoni. Anayepinga aweke namba yake.