Eti "mngepiga makofi kwa nguvu kidogo"!! Hivi huyu bwana ratiba yuko sawa kweli?

MakofiYaMoto (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika huku viganja vinawaka, makosa ya herufi mtanivumilia.

Wote mliowahi kufika kwenye haya mashindano ya Paralimpiki, ya sisi wa michezo ya wenye ulemavu, mnamjua bwana ratiba ninayemsema, yule anayepanga saa za kila mchezo. Yule mwenye kalamu nne mfukoni ambaye hajawahi kuonekana akiandika. Simtaji. Nusu yenu hapo mlipo mmeshakunja ngumi.

Kwa msiojua kazi yangu: mimi ni mpiga makofi. Msicheke. Mrukaji wangu ni wa T11, daraja la wasioona, kuruka chini, haoni. Na hata mwenye kuona mwanga kidogo kwenye daraja lile anavalishwa kifuniko cha macho, wote wawe giza moja. Yeye anasimama kule mwisho wa njia, mimi nasimama upande wa mchanga, napiga makofi na kumwita, naye anakuja kwa kasi yote aliyojaliwa kuifuata sauti. Anarukia kwenye eneo la mita moja lililomwagiwa unga, si kile kibao chembamba cha wenzetu wanaoona. Hana kingine. Ana unga, ana mchanga, ana makofi yangu. Ndiyo maana uwanja mzima unaombwa unyamaze.

Sasa wewe mwenye akili zako ukiambiwa kuna mchezo unaotaka ukimya wa makaburini, utauweka saa ngapi? Bwana ratiba kauweka saa moja na nusu usiku, dakika ileile ya fainali ya mita 1500 ya viti mwendo, T54, na mwenyeji ana mtu wake ndani. ANA MTU WAKE NDANI! Wananchi wamejipaka rangi hadi kwenye kope.

Ruko la mwisho. Tuko nafasi ya nne, sentimita chache tu tuguse shaba. Mtangazaji anaomba ukimya, kwenye skrini kubwa kinatokea kidole mdomoni. Uwanja unanyamaza kabisa, nasikia hadi pumzi za mrukaji wangu. Nainua mikono. Napiga la kwanza. Anaanza.

PAAA! Bastola ya T54.

Wakuu. Watu elfu hamsini walipiga kelele kama vile wote wameibiwa simu kwa mara moja. Mimi napiga makofi, siyasikii mwenyewe. Naita, sauti inaishia kwenye meno. Halafu, na hapa ndipo roho inaponitoka kila nikikumbuka, kuna jamaa mmoja mstari wa mbele, upande wa kushoto, ananiona nahangaika. Ananionea huruma. Anaanza kupiga makofi kunisaidia! Na jirani yake. Na jirani wa jirani yake. Mstari mzima, kwa mpigo mmoja, kama wanavyofanyiwa wale warukaji nyota wa kwenye runinga.

Mrukaji wangu akafanya alichofundishwa miaka yote. Akafuata makofi.

Akakata kushoto. Nikapiga yowe la "SIMAMAAA!" ambalo nadhani lilisikika hadi kwenye bwawa la kuogelea. Akasimama hatua mbili kabla ya kumvaa mpiga picha. Bendera nyekundu. Mwisho. Nafasi ya nne, nyumbani.

Nikaenda kwa bwana ratiba. Nimetulia kabisa (nilikuwa nimepoteza kiatu kimoja, lakini nimetulia). Nikamweleza. Hakuinua macho kwenye karatasi. Akasema:

"Mngepiga makofi kwa nguvu kidogo."

Kwa nguvu kidogo. Dhidi ya watu elfu hamsini. Ningekuwa na viganja vya mabati?

Halafu akaongeza, "Kwa upande wetu kila kitu kilikwenda kwa ratiba." Hapo ndipo walinzi waliponishika bega.

Mngepiga makofi. Kwa nguvu. Kidogo. Nimejaribu kulala, kila nikifumba macho naliona lile jamaa la mstari wa mbele linatabasamu.

---

SitiYaDirishani
Nimeshakaa. Anayepita anipitishie na mto.

Dole_Gumba
Ngoja kwanza mkuu. Yaani kuna mtu anakatiwa tiketi ya ndege, analazwa hotelini, anapewa na trakisuti, kazi yake makofi? Mimi napiga bure harusini miaka ishirini sijapewa hata soksi.

MakofiYaMoto
Njoo usimame mbele ya mtu anayekuja mbio hakuoni, halafu ukosee mpigo mmoja. Utajua kama ni harusi.

Dole_Gumba
Nitapiga kwa nguvu kidogo 😂

BibiTufe
Pole kaka. Ila kabla hamjamtafuna mifupa huyo bwana, na sisi tunaotupa tufe tumekaa mtusikilize. Kiti chetu kinafungwa chini kwa mikanda, kinakazwa, kinakaguliwa. Hakifunguliwi kila mtu akishatupa mara moja, tungekesha. Kwa hiyo mtu akikaa anamaliza mitupo yake yote mfululizo ndipo anapishwa mwingine. Watu kumi tu, saa mbili zinakwenda. Huyo bwana wako alitupangia dakika hamsini. HAMSINI! Tukaambiwa tunachelewesha uwanja. Nilitupa la mwisho taa za upande wangu zikiwa zimeshazimwa.

MakofiYaMoto
Bibi heshima kwako, lakini wewe hukupigiwa makofi upande usio wako.

BibiTufe
Sikupigiwa kabisa mwanangu. Watu walishaondoka.

Kanuni_Kwanza
Mwanzisha uzi, mbona hamkuomba ruko la kurudia? Mrukaji akizuiwa na jambo lisilo lake, mwamuzi ana mamlaka ya kumpa jaribio jingine. Ila lazima useme palepale. Ulisema baada ya muda gani?

MakofiYaMoto
Nilisema.

Kanuni_Kwanza
Baada ya muda gani?

MakofiYaMoto
Nilikuwa na mazungumzo mafupi na yule jamaa wa mstari wa mbele kwanza.

Kanuni_Kwanza
Mazungumzo mafupi.

MakofiYaMoto
Ndipo kiatu kilipopotelea.

SitiYaDirishani
Hahahaaa sasa tumejua! Mkuu alimrushia mtu kiatu, muda wa rufaa ukapita, leo bwana ratiba ndiye mbaya.

MakofiYaMoto
SIKUMRUSHIA. KILIVUKA CHENYEWE. Na hilo halibadilishi kwamba mtu aliniambia nipige makofi kwa nguvu kidogo!!!

Mahesabu
Mimi namtetea kidogo, mnipige mawe polepole. Paralimpiki ya Paris 2024 ilikuwa na matukio 549 ya medali kwenye michezo 22, na siku za mashindano zilikuwa kumi na moja. Gawanyeni, ni kama fainali hamsini kwa siku. Riadha peke yake 164. Olimpiki yenyewe ya mwaka uleule ilikuwa na 329, tena kwa siku nyingi zaidi. Kule mita 100 za wanaume ni fainali moja, mnajua bingwa, mnalala. Huku kuna za wasioona, za viti mwendo, za miguu bandia, za wenye mtindio wa ubongo, kila daraja fainali yake. Halafu asubuhi ya mashindano waamuzi wa madaraja wanamwangalia mtu akicheza wanasema huyu si daraja hili, hamisha. Karatasi nzima inachanwa. Ukimya utautoa wapi?

MakofiYaMoto
Wa goliboli wanapewa ukimya. Mpira una kengele, ukumbi mzima unafunga mdomo. Wa mpira wa miguu wa wasioona wanapewa, watu wanashangilia mpira ukishatoka au goli likiingia. Sisi tumekosa nini?

Mahesabu
Hao wana ukumbi na kiwanja chao. Ninyi mmepanga chumba kwenye nyumba ya watu.

MamaKipepeo
Samahani kwa kuingilia, mimi ni mzazi. Mwanangu anaogelea daraja la S9. Kapangiwa mitindo ya kipepeo na huru siku moja, katikati dakika thelathini na tano. Mtoto anatoka majini, anavua, anavaa, anahojiwa, anarudi majini. Nilipouliza nikaambiwa "si ana mikono mizuri tu." Nilitaka kumtia yeye majini na kalamu zake.

Dole_Gumba
Zile nne?

MamaKipepeo
Zote nne.

KambaMkononi
Mama pole ila waogeleaji mnadeka. Fainali yenu wanane. Mimi ni mwongozaji wa mbio, nakimbia na asiyeona tumefungana kamba mkononi. Kwa kuwa tuko wawili tunachukua njia mbili, kwa hiyo fainali ya mita 100 T11 ni watu wanne TU. Wanne! Ukiwa wa tano duniani unaangalia kwenye runinga kama mama mkwe wako. Na nikimtangulia mwanariadha wangu mstarini hata kwa pua, tunafutwa wote. Sasa nipangie mchujo asubuhi, nusu fainali mchana jua kichwani, fainali usiku, nikiishiwa mimi nani analaumiwa?

Mzee_wa_Uwanja
Hilo lilishatokea kijana. Sydney 2000, mita 5000, Henry Wanyoike anaongoza, mwongozaji wake akaishiwa nguvu mwishoni. Asiyeona akamkokota anayeona hadi mstarini, akachukua dhahabu. Tuliosikiliza redioni hatukulala siku ile.

KambaMkononi
Huyo mwongozaji bila shaka alipangiwa na bwana ratiba.

Sipo_Kwenye_Ratiba
Nawasoma tangu juu. Mmoja analalamika saa, mwingine dakika, mwingine kiatu. Mimi daraja langu lilikuwa na tukio, likaondolewa. Wanasema washindani wachache. Naweza kuombwa nishindane na wa daraja la juu yangu, wenye nguvu kunizidi, au nikae nyumbani. Natamani mtu aniambie nipige makofi kwa nguvu. Angalau ningekuwa uwanjani.

BibiTufe
Hilo zito mwanangu.

SitiYaDirishani
Dah. Uzi umeingia baridi ghafla.

Dole_Gumba
Swali la mtu asiyejua: kwa nini hii isiunganishwe na Olimpiki iwe kitu kimoja, tumalize?

Mahesabu
549 jumlisha 329 mkuu. Huyo bwana atahitaji kalamu tisa.

Mzee_wa_Uwanja
Paralimpiki ya Roma 1960 walikuwa wanamichezo 400 hivi kutoka nchi 23. Pale ungeweza kuunganisha. Leo wako zaidi ya elfu nne.

Spidi_Kali
Mkiunganisha Olimpiki wataaibika. Paralimpiki ya Rio 2016, mita 1500 T13, daraja la wanaoona kwa shida, wanne wa kwanza wote walikimbia kasi kuliko aliyechukua dhahabu ya Olimpiki mwezi uliotangulia palepale. WANNE. Aliyekosa medali angekuwa bingwa wa Olimpiki!

Kanuni_Kwanza
Hii hadithi inaletwa kila uzi. Fainali ile ya Olimpiki ilikuwa ya kubanana, dakika 3:50 kamili, watu walitembea hadi mzunguko wa mwisho. Usilinganishe.

Spidi_Kali
Walikatazwa kukimbia?

Kanuni_Kwanza
Ni mbinu!

Spidi_Kali
Mbinu gani ya kukimbia polepole? Baka, yule aliyeshinda ile T13, alikimbia 3:48.29 haoni vizuri, ninyi mnaoona mnapanga mbinu.

Mahesabu
Hapa namuunga mkono Spidi. Saa haijui mbinu.

Kanuni_Kwanza
Wewe si ulikuwa unatetea ratiba dakika tano zilizopita?

KambaMkononi
Jamani 1500 ya watu wanaobanana mimi nimewahi kuongoza, viwiko vinaruka kama kuku wamefungiwa bandani. Kanuni ana hoja.

Spidi_Kali
Hana hoja yoyote.

MamaKipepeo
Mwanangu ile ya huru alimaliza wa sita, kama kuna anayejali.

MakofiYaMoto
Wakuu naomba turudi kwenye mada. Nimeongea na mrukaji wangu sasa hivi. Anasema yale makofi ya kushoto yalikuwa na mpigo mzuri kuliko wangu. Nimeumia mara ya pili. Naomba tulijadili hili.

Spidi_Kali
Makofi gani tena?

Kanuni_Kwanza
Mkuu, hapa tunajadili mita 1500. Kama una malalamiko yako fungua uzi wako.