Nodar Dumbadze wa Georgia: nianze na kitabu kipi?

Mama Udaktari: Wadau, habari zenu. Binti yangu anasomea udaktari Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, na likizo hii kila akifungua mdomo ni Nodar Dumbadze. Ni nani huyu? Nikirudi kazini nimechoka, riwaya nzito sizimudu.

Kisomo: Tazama kwanza filamu ya Tengiz Abuladze iliyotokana na riwaya yake, *Mimi, Bibi, Iliko na Ilarion*. Utapata picha ya kijiji.

Mjukuu wa Korogwe: Mama, mimi ningekushauri uanze na kitabu chenyewe, kile cha 1960. Filamu ni nzuri, lakini ladha iko kwenye maneno ya yule bibi. Dumbadze alizaliwa Tbilisi 1928. Mwaka 1937, enzi za Stalin, wazazi wake walikamatwa, naye akalelewa na jamaa zake Guria, magharibi mwa nchi. Kwa hiyo anapomwandika Zuriko, mtoto asiye na wazazi anayelelewa na bibi na wazee wawili majirani, anajua anachosema.

Nami nimelelewa na bibi. Bibi wa Zuriko humlaani mjukuu wake kutwa, laana ndefu za kupangwa, na mkono uleule unamwekea chakula. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya, maana wangu alikuwa hivyohivyo. Halafu kuna Iliko, ambaye ni chongo, na Ilarion anamtania jicho lake bila huruma. Baadaye Ilarion naye anapoteza jicho. Soma mwenyewe uone Iliko anavyompokea, sitakuharibia.

Mama Udaktari: Asante sana, mwanangu. Mbona binti anakitaja zaidi *Sheria ya Umilele*?

Mjukuu wa Korogwe: Hicho ni cha 1978, na kilimpa Tuzo ya Lenin, moja ya tuzo kubwa za Umoja wa Kisovieti, 1980. Mtu amelazwa kwa ugonjwa wa moyo, anakumbuka maisha yake. Kinachomjia pale kitandani ni kwamba roho ya mtu ni nzito kuliko mwili wake, nzito hata mmoja hawezi kuibeba peke yake, ndiyo maana lazima tusaidiane tungali hai. Kwa anayesomea udaktari, naelewa kwa nini kimemshika. Ila wewe anza kwa bibi. Hicho kingine msome pamoja akirudi tena.