Tupeane uzoefu: mtaa wa kuta na mtaa wa fremu za maduka, wapi unapita bila wasiwasi?

Mleta mada: Wakuu, jirani kajenga ukuta hadi ukingoni mwa barabara. Kibanda cha mama ntilie kimeondoka, na mtaa umekufa. Wenye visa leteni.

Mtoto wa Uani: Umenigusa. Kwetu Mwananyamala nyumba ilikuwa ya Kiswahili, baraza mbele, korido hadi uani. Bibi akikaa barazani, mgeni hapiti bila kuulizwa anakwenda kwa nani.

Binti wa Pwani: Natoka kazini Mikocheni, saa mbili usiku, njia ya ndani. Kushoto ukuta, kulia ukuta, juu nyaya za umeme na vipande vya chupa. Bodaboda yenye watu wawili ikanipita, ikageuza. Nikagonga geti la kwanza: mbwa tu. La pili, mlinzi akachungulia kwenye kitundu, akafunga. Wakavuta mkoba, nikaburuzwa kwenye kokoto, nikapiga kelele hadi sauti ikakauka, na huko ndani nasikia televisheni! Watu wapo, ila hakuna anayeniona. Siku hizi nazunguka njia ya fremu, japo ni mbali. Kuna muuza chipsi, fundi cherehani, duka la Mpemba, na taa zao zinafika barabarani.

Kaka Mkubwa: Pole sana dada.

Mwenye Ukuta: Pole dada. Lakini mimi kabla ya ukuta niliibiwa hadi masufuria. Nibomoe?

Binti wa Pwani: Sijasema ubomoe. Kuanzia kiunoni weka nondo, uone nje.

Mwenye Ukuta: Ili wapita njia wahesabu vyombo vyangu?

Mzee wa Gerezani: Fremu peke yake si dawa. Kariakoo mchana hupenyi, usiku mageti ya chuma yakishushwa hakuna macho. Zile nyumba za baraza zilizobomolewa kupisha maghorofa, watu walikuwa wanalala palepale chini. Sasa chini ni bidhaa tu.

Mtoto wa Mji Mkongwe: Naam. Huku kwetu vichochoro ni vyembamba, lakini baraza za mawe zimeshikana na nyumba, wazee wanakunywa kahawa na kucheza bao. Nyumba ikigeuzwa hoteli, baraza yake haina mtu.

Kaka Mkubwa: Dada, usiku tembea katikati ya barabara.

Mtoto wa Uani: Agongwe? Apande bajaji.

Mama Wawili: Nunua filimbi.

Binti wa Pwani: Filimbi nani ataisikia, ndugu zangu, na geti limefungwa? Wekeni basi hata taa nje.

Mwenye Ukuta: Taa nitaweka wiki hii. Ukuta haushuki.