Ndege wa rangi ya chungwa chini ya mwembe, Tudor: ni ndege gani, na nimvuteje?

Mkaazi wa Tudor
Asalaam aleikum wenzangu. Uani kwangu kuna mwembe mkongwe, mpera, na vichaka vya mhina vilivyobanana ukutani. Tangu kusi lianze kuvuma namsikia ndege alfajiri na tena magharibi. Hupiga mluzi wa sauti mbili, akirudiarudia, halafu ghafla amekuwa shorewanda, mara tipitipi, hata nikadhani wako kundi zima.

Juzi nikamuona. Amemzidi jurawa kidogo, uso na kifua rangi ya chungwa tupu, mabawa ya kijivu yenye ubuluu, jicho jeusi kubwa. Alilishika jani kavu kwa ncha ya mdomo, akalitupa pembeni, akatulia mkia juu, kisha akachomoa mdudu. Nilipogusa dirisha, akazama kichakani.

Watoto wanasema ni chozi. Mimi sikubali, chozi ana mdomo mrefu uliopinda, tena hashindi chini. Nataka sana azoee hapa. Nimwekee mchele? Mkate?

Mzee wa Gede
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Huyo ni kurumbiza, yule ambaye kitaalamu huitwa *Cossypha natalensis*. Akiruka mtazame mkia: pembeni chungwa, manyoya ya katikati meusi. Anaye nduguye hapa Pwani, *Cossypha heuglini*, ila huyo ana mstari mweupe juu ya jicho. Wako uso wote ni chungwa, basi hakuna shaka.

Na hao tipitipi wako ni yeye mwenyewe. Kurumbiza ni hodari wa kuiga, hata mluzi wa mtu huuchukua. Wengi wanaoonekana Pwani huja majira haya ya kusi, na ikikaribia kaskazi hupungua, kwa hiyo akitoweka mwisho wa mwaka usidhani umemfukuza.

Mchele na mkate acha kabisa. Chakula chake ni wadudu, pamoja na matunda madogo. Makombo yatakuletea kunguru, hawa wa Bara Hindi walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, nao hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Mombasa tunawajua.

Anachokitaka tayari unacho: majani makavu. Chini ya mwembe usifagie. Najua kwetu ua usiofagiwa ni aibu, basi fagia mbele, penye mlango na wageni, kule nyuma kwenye kivuli majani yaachwe yalale yaoze. Humo ndimo walimo mchwa, mende na buibui. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke utamkuta vivyo hivyo, chini penye kiza, akipekua. Na mhina usiupogoe mpaka chini, ndiyo maficho yake.

Bi Mkubwa, Likoni
Ongeza maji, mwanangu. Mimi natumia sinia kuukuu, maji yasizidi vidole viwili, na jiwe katikati la kusimamia. Liweke karibu na kichaka, lakini si ndani yake, paka asipate pa kuotea. Maji yamwage na sinia ulisugue kila siku. Homa ya dengi tunayo mjini humu, tusiwafugie mbu kwa ajili ya ndege. Wangu huja kuoga jua likizama, wengine wakishapanda kulala.

Mkaazi wa Tudor
Ahsanteni sana. Sinia lipo, na kijana anayefagia nimeshamwambia nyuma asiguse. Ila kuna fundi ameniambia mwembe una wadudu, anataka kuupiga dawa wiki hii. Nimruhusu?

Mzee wa Gede
Asipige. Dawa hiyo itamwagikia kwenye majani ya chini, imuue mchwa na buibui, naye kurumbiza atakula waliobaki na sumu yao. Kama kuna matawi yaliyougua, yakatwe yachomwe mbali. Na ukiweza kurekodi mluzi wake kwa simu, tuwekee hapa tuusikie.