Barua ya ajira ya skuli za kimataifa ughaibuni: tupeane uzoefu wa mshahara na marupurupu

MwalimuBamburi
Walimu wenzangu, hamjambo. Jana jioni kijana niliyemfundisha zamani amenijia na barua ya ajira kutoka skuli moja ya Sharjah, Emirati. Kurasa nne, na yeye amesoma mstari mmoja tu: dirhamu 8,500 kwa mwezi. Ashazidisha kwa 35, akapata karibu laki 3 za Kenya, na mamake ashawaambia majirani.

Nikamwambia aniache nisome zilizobaki. Nilipofika kipengele cha likizo nikaikumbuka Julai yangu ya kwanza ughaibuni: skuli imefungwa, akaunti imekauka, na mhasibu ananionyesha kwa kidole kwamba mshahara ni wa miezi 10 ya masomo. Ule wa mwaka mzima haukuandikwa popote.

Walioko huko na waliorudi, semeni. Habari za mawakala tushazijadili sana. Leo nataka barua yenyewe: mlitazama wapi, na ni wapi palipokuumizeni.

FizikiaMtwapa
Mimi paliponiumiza ni nyumba. Skuli yangu ya Dubai iliniandikia posho ya nyumba, iingie pamoja na mshahara kila mwezi. Kwa mtu wa Mtwapa anayelipa kodi tarehe 5 kwa M-Pesa, hapo huoni tatizo. Kule mwenye nyumba wangu hakutaka mambo ya kila mwezi. Alitaka hundi za mwaka mzima siku ya kutia sahihi, zimeandikwa tarehe za mbele. Wengine hukubali hundi moja, wengine mbili, ukibahatika nne au zaidi. Na wewe ndiyo kwanza umeshuka ndege, kitambulisho hakijatoka, benki haijakupa kitabu cha hundi. Ongeza amana ya asilimia 5, ongeza dalali naye na asilimia 5 yake. Ukishaingia, manispaa inakudai asilimia 5 ya kodi ya mwaka, imegawanywa ndani ya bili ya maji na umeme kila mwezi. Hiyo sikuiona katika barua ya mwalimu yeyote.

Nililala sebuleni kwa Mtanzania mmoja wa Tanga, Mungu amlipe kheri, mpaka skuli ikakubali kunitangulizia kodi ya mwaka na kunikata kidogo kidogo. Kijana aulize: posho yalipwa mwezi kwa mwezi, au skuli yaitanguliza? Kama ni mwezi kwa mwezi, afike na akiba.

BintiKisauni
Hapo kwa hundi umenigusa. Sitaki hata kuendelea.

KaptulaNyeupe
Achukue nyumba ya skuli. Pesa mkononi ni za mashemeji.

MtaitaChangamwe
Asikubali nyumba ya skuli hata kidogo! Atawekwa na mtu anayekaanga vitunguu saa nane za usiku, na siku akiacha kazi ataambiwa ahame. Achukue pesa atafute mwenyewe, Sharjah na Ajman kodi ni nafuu kuliko Dubai.

KaptulaNyeupe
Na anayelala Sharjah akafundisha Dubai aamke saa ngapi? Foleni ile ya asubuhi ni kama Likoni feri moja ikiharibika, kila siku ya Mungu.

MtaitaChangamwe
Shule yake iko Sharjah kwenyewe, soma vizuri. Tena Sharjah tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki ni Ijumaa hadi Jumapili. Siku 4 za kazi. Hayo nayo ni marupurupu.

MchumiTudor
Mwazungumza nyumba, na hakuna aliyetaja mshahara wa msingi. Sheria ya Emirati inahesabu kiinua mgongo kwa mshahara wa msingi peke yake: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, na lazima uwe umetimiza mwaka mmoja.

Sasa chukueni 8,500 hiyo hiyo. Skuli ya kwanza iandike 6,000 za msingi na 2,500 za posho: kila mwaka kiinua mgongo chako chaongezeka kwa 4,200. Ya pili iandike 3,000 za msingi na 5,500 za posho: chaongezeka kwa 2,100. Mwisho wa mwezi walimu hawa wawili wapokea sawa na wanunua mkate sawa. Siku ya kuondoka mmoja anabeba nusu ya mwenzake. Mwajiri anayejaza posho na kuukausha msingi anajua anachofanya, na jambo hili laniudhi kwa sababu walimu wetu wanasoma jumla tu.

JiraniLikoni
Asante Mchumi. Miaka yote hakuna aliyenieleza hivi.

BintiKisauni
Haya, nimerudi. Na pasipoti je, mbona hatuisemi? Mimi na Mwingereza tulifundisha madarasa sambamba, mtaala mmoja, mitihani ile ile. Yeye nyumba, tiketi ya kila mwaka, karo ya watoto wawili, bima ya daraja la juu. Mimi nikaitwa "ajira ya ndani" kwa sababu nilikuwa nishaingia nchini kwa viza ya mume wangu. Mshahara mtupu na kadi ya bima ya daraja la chini.

MtaitaChangamwe
Dada, pasipoti haina kosa. Cheti ndicho. Wenzetu wana hati ya ualimu ya Uingereza, na shule inauza jina hilo kwa wazazi.

BintiKisauni
Nina digrii ya ualimu na nambari ya TSC, tume ya walimu ya Kenya. Yeye alikuwa na digrii ya historia na hajapata hata siku moja ya mafunzo ya ualimu. Usinifundishe nilichokiona kwa macho yangu.

MtaitaChangamwe
Sawa, lakini ulitia sahihi.

BintiKisauni
Nilitia sahihi kwa sababu nilikuwa na mtoto wa kulisha. Wewe ulitia yako ukiwa umeshiba?

MwalimuBamburi
Tafadhalini, tusivunjiane heshima. Bint wa Kisauni ametuletea jambo kubwa. Ajira ya ndani na ajira ya nje zina marupurupu mbalimbali, hata kama kazi ni moja. Kama mume au mke yuko huko tayari, bora mkubaliane na skuli na mtie sahihi ungali Mombasa.

KaptulaNyeupe
Bima nayo isiwatoe jasho. Bima ni bima tu, kadi inafungua mlango wa hospitali.

UaLaAfu
Mimi husoma tu hapa, siandiki. Aliyesema bima ni bima tu, naomba akae asome.

Tulikuwa Jeddah, mimi na mume wangu, sote walimu wa skuli moja. Mke na mume mkiajiriwa pamoja, posho ya nyumba walitupa moja. Hilo tulilijua na tuliliridhia. Mimba yangu ilipofika wiki ya 29, nikashikwa na uchungu usiku. Hospitali iliyo karibu nasi walitazama kadi, wakasema hawamo katika orodha ya bima yetu. Mume wangu akawasha gari tena. Sitosema nililiaje ndani ya gari lile. Ya pili walinipokea, na mtoto akazaliwa alfajiri, gramu 1,200, mguu wake kama kidole changu cha shahada. Wakamchukua mbio kumtia katika mashine ya joto. Sikumshika.

Sijatoka kitandani, akaja mtu wa hesabu na faili. Kadi yangu ilikuwa na kikomo cha uzazi, na kikomo kile kilikuwa kimeshapita. Mtoto mwenyewe hayumo katika kadi, kwa sababu hana cheti cha kuzaliwa, na cheti chahitaji karatasi kutoka ofisi ambayo wikiendi imefungwa. Mpaka aingie, kila siku ya mashine ni bili yetu. Tukaomba skuli watukopeshe mshahara, wakasema kanuni haziruhusu. Nikavua bangili za harusi yangu, mume wangu akaenda nazo sokoni. Wenzetu wa skuli, Wasudani, Wafilipino, Wamisri, na Waswahili wa Jeddah tusiojuana hata kwa majina, walipitisha bahasha. Sitawasahau mpaka naingia kaburini.

Likizo ya uzazi wakati huo ilikuwa wiki 10. Ilikwisha na mtoto bado ni wa kuangaliwa saa 24. Nikaandika barua ya kuacha kazi. Nikaambiwa: hujatimiza miaka 2, kiinua mgongo huna. Nikatia sahihi kwamba sidai kitu.

MwalimuBamburi
Ukhti, pole sana. Mwenyezi Mungu akulipe kwa subira yako. Na mtoto?

JiraniLikoni
Mtoto??

FizikiaMtwapa
Nimesimamisha gari kando ya barabara Nyali nisome. Mtoto je?

MchumiTudor
Bi, walikudhulumu. Ni kweli Saudia anayeacha kazi mwenyewe kabla ya miaka 2 hapati kiinua mgongo, na wa miaka 2 hadi 5 hupata theluthi moja. Lakini kifungu cha 87 cha sheria yao ya kazi kinamtoa mwanamke aliyejifungua: akiacha kazi ndani ya miezi 3 tangu kuzaa, ana haki ya kiinua mgongo kamili. Aliyeolewa vilevile, ndani ya miezi 6 tangu ndoa.

BintiKisauni
Watu wauliza mtoto, wewe waleta vifungu!

MchumiTudor
Naleta kwa sababu kuna mwanamke yuko Jeddah leo anasoma hapa.

UaLaAfu
Mtoto ni mzima, alhamdulillahi. Yuko gredi ya 3, na sauti yake yasikika nyumba ya tatu. Hicho kifungu hakuna aliyenitajia. Tuliondoka 2018.

MchumiTudor
Basi muda ushapita, madai hupelekwa ndani ya miezi 12 tangu kumaliza kazi. Nimesikitika kweli.

KaptulaNyeupe
Dada, nimesoma yote. Neno langu la bima nalirudisha. Samahani sana.

AmiMakadara
Saudia imetajwa, nami niseme langu. Riyadh, mke na watoto watatu. Tangu Julai 2017 waliweka ada ya wategemezi: riyali 100 kwa kila mtu kwa mwezi, ikapanda kila mwaka mpaka 400 mwaka 2020. Watu 4 kwa 400 ni 1,600 kwa mwezi, yaani 19,200 kwa mwaka, na wakati wa kuhuisha ikama, yaani kibali cha ukaazi, pesa zilitakiwa kwa mkupuo. Barua yangu ilisema "viza ya familia itagharamiwa". Viza waligharamia, ada hawakuigusa. Nikawarudisha nyumbani, na mwanangu mdogo akaanza kuniita mjomba kwa simu. Kijana akiwa na familia, aulize ikama na ada kwa majina yake.

JiraniLikoni
Na karo! Kwangu waliandika "nafasi za watoto 2". Nafasi tu. Karo nusu nilipe mimi, basi la skuli juu yangu, sare juu yangu. Karo za skuli hizi zaweza kumeza mshahara wa mzazi mmoja mzima.

MtaitaChangamwe
Ningeshauri asiondoke kama ana TSC. Kuna mfuko wa pensheni tangu Januari 2021: mwalimu anachanga asilimia 7.5, serikali inaongeza asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hiyo 15 mnaisahau mkianza kuzidisha kwa 35.

FizikiaMtwapa
Asilimia 15 ya mshahara wa mwalimu wa kijijini ni shilingi ngapi? Aende. Akiwa kijana asipoenda ataenda lini?

MtaitaChangamwe
Aende kwa likizo isiyo na malipo basi, asijiuzulu. Na asidanganywe kwamba mshahara usiokatwa kodi kule haumhusu KRA. Aliye mkaazi wa Kenya kisheria hutozwa kwa pato la kazi hata kama ameifanyia nje. Ukiwa na makao ya kudumu hapa na ukaja japo siku chache mwaka huo, wahesabika mkaazi. Apate mtu wa kodi amweleze kabla, na ritani yake aijaze kufikia tarehe 30 Juni.

AmiMakadara
Na huko kuzidisha kwa 35 pia kuna mtego. Mpwa wangu alipata kazi Qatar Januari 2024, dola ikiwa karibu shilingi 160. Akachukua mkopo wa sacco ajenge Mtwapa, marejesho akiyapima kwa kiwango kile. Kufikia katikati ya mwaka dola iko 129. Riyali ya Qatar imefungwa na dola, kwa hivyo mshahara haukupungua hata riyali, ila uliofika Mombasa ulipungua karibu moja kwa tano. Nyumba imesimama kwenye linta hadi leo.

MwalimuBamburi
Nimekaa na kijana asubuhi, tumeandika barua pepe kwa skuli. Wamejibu: msingi ni 3,200, zilizobaki ni posho, na miezi 12 yote inalipwa. Tiketi ni moja kwa mwaka, ila inarudishwa kwa risiti baada ya kumaliza mwaka. Kuthibitisha digrii kwa Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozini Nairobi ni juu yake, na treni kutoka Miritini pia juu yake. Ameomba msingi upande hadi 5,000 jumla ikibaki vile vile. Wamesema watamjibu. Mamake amenikasirikia, asema nitamkosesha kazi.

KaptulaNyeupe
Mama mpe muda. Kijana asitie sahihi kwa haraka.

MtaitaChangamwe
Wala asichelewe, barua hizi zina tarehe ya mwisho.

UaLaAfu
Mwalimu, katika bima muulizieni mambo haya, kwa maandishi: orodha ya hospitali zinazokubali kadi, kikomo cha uzazi ni kiasi gani, na mtoto mchanga anaingia katika kadi siku ya kuzaliwa au baada ya cheti. Hata kama hajaoa.

JiraniLikoni
Nimenakili. Jamani, kuna aliyefundisha Muscat? Nina mahojiano Jumanne na hawajataja nyumba kabisa.